Msiwaue Ili Msamehewe: Barua kwa Mabinti wa Kalamu

Wanangu,

Kila ufikapo Juni, mwezi wa Fahari (Pride) ya wapenzi wa jinsia moja, mnaulizwa, nami naulizwa pia, fahari ni nini kwetu tunaoandika hadithi za wanawake wanaopendana. Majibu yenu nayasoma. Mengi yana bendera, maandamano na ujasiri wa kujitaja hadharani. Sina ugomvi nayo. Walioingia barabarani New York tarehe 28 Juni 1970, mwaka mmoja baada ya ghasia za Stonewall, baa ya mashoga na wasagaji iliyovamiwa na polisi mjini humo, walitufungulia njia, na anayewabeza hajui deni analodaiwa. Lakini swali limeulizwa juu ya mwandishi, na mwandishi hata akitoka kwenye maandamano hayo sauti imemkauka, huukuta ukurasa palepale alipouacha. Nataka tuzungumze tukiwa hapo, mbele ya ukurasa.

Nianze na kesi ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina tu. Mwaka 1928 Radclyffe Hall alichapisha London riwaya yake The Well of Loneliness. Mambo ya chumbani hayaelezwi humo. Usiku wenyewe unapitishwa kwa sentensi moja fupi. Mwisho nao ni wa majonzi: mhusika mkuu anamsukumia mpenzi wake kwa mwanamume, kwa makusudi, akiamini anamtendea wema. Mtu angedhani hayo yangewaridhisha wakubwa. Novemba ya mwaka huohuo hakimu aliamuru kitabu kiteketezwe, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba hakuona popote wanawake hao wakilaumiwa kwa mapenzi yao. Hata uandishi mzuri aliuhesabu kuwa unaongeza hatari. Kwa hiyo machozi yote yale hayakumnunulia mwandishi msamaha. Walitaka alaani, naye alikuwa ameleta huzuni.

Sasa njooni Marekani, mwaka 1952. Marijane Meaker, akiandika kwa jina la Vin Packer, aliambiwa na mhariri wake kwamba wasichana wawili wanaopendana katika riwaya yake hawawezi kuishia kwenye furaha. Vitabu vilipita posta, na posta ilikuwa na wakaguzi; kitabu kikionekana kusifia mapenzi ya namna hiyo, kingezuiwa. Basi msichana mmoja akarukwa na akili, na mwenzake akagundua kwamba kumbe hakuwahi kumpenda. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Nawafikiria wasomaji wale mara nyingi, hasa wale waliokinunua kwa siri wakitafuta mtu anayefanana nao, wakafika mwisho wakakuta wazimu.

Mwaka huohuo Patricia Highsmith, naye chini ya jina la kubuni, Claire Morgan, alitoa riwaya ambayo wapenzi wake wanaachwa na tumaini la kuishi pamoja. Barua za wasomaji zikamiminika kwa mchapishaji, wanaume kwa wanawake, wakishukuru. Baadaye Highsmith alieleza kwamba kabla ya hapo, katika riwaya za Marekani, watu wa namna hiyo walilazimika kulipia mapenzi yao kwa kujikata mishipa, kujizamisha, au kugeuka na kupenda jinsia nyingine. Hebu pimeni: kuwaacha wanawake wawili wakiwa hai na wanapendana tu kulitosha kuwafanya watu washike kalamu na kumwandikia mtu wasiyemjua.

Sisemi kila hadithi iishie harusini. Nimechoka na harusi pia. Nasema kwamba mkaguzi wa posta alikwisha staafu zamani, na baadhi yenu bado mnampikia chai. Miswada mnayoniletea namwona humo: wapenzi wanalala pamoja kwa mara ya kwanza katika sura ya kumi na tatu, ajali ya gari inatokea katika sura ya kumi na nne. Ajali hiyo aliiagiza nani? Kama kifo kinatoka ndani ya hadithi, kwa ugonjwa uliokuwepo tangu mwanzo au vita vinavyoendelea nje ya dirisha lao, muue, nami nitalia. Kama kimekuja kwa sababu uliingiwa na hofu kwamba umewapa furaha nyingi mno, futa sura yote uandike upya. Fahari ya mwandishi nimeiona hapo kuliko mahali pengine popote: kukataa kumtoa kafara mtu wako ili wasiokupenda wakuvumilie.

Ipo namna nyingine ya kuomba radhi, na hii ni ya kisasa zaidi. Mnawafanya malaika. Mwanamke wenu ni mpole, mkarimu, hajawahi kusema uongo, anapenda watoto na paka. Najua nia: mnataka msomaji mwenye chuki akose pa kumshika. Ila huyo msomaji hayupo, hakununua kitabu chenu. Aliyenunua ni yule anayeishi na mwanamke mwenye wivu, anayesahau kulipa umeme na kununa siku mbili, na bado anampenda. Mpeni huyo. Waandikieni wagomvi, wachoyo, waongo wadogowadogo. Mwandishi asiyeona haya juu ya watu wake hana haja ya kuwasafisha.

Kuhusu kitanda nitasema kidogo tu. Ukifunga mlango ni sawa, ukiufungua ni sawa. Ila nikisoma tukio ambalo wanawake wawili wanajigeuzageuza kama wanaopigwa picha, najua mwandishi ameweka mwanamume dirishani anachungulia. Mfukuze kwanza, halafu uandike.

Jina la kubuni ni jambo zito zaidi, na hapa nawaomba mnisikilize hata kama hamtakubaliana nami. Wapo kati yenu wanaosema kwamba anayejificha hana fahari. Mwandishi wa Marekani Alma Routsong alipoona wachapishaji hawamtaki, mwaka 1969 alijilipia mwenyewe kuchapisha nakala 1,000 za riwaya yake ya wanawake wawili wanaokwenda kuanza maisha pamoja. Jalada halikuwa na jina lake, lilikuwa na Isabel Miller: Miller ni ukoo wa mama yake, na Isabel ni herufi za Lesbia zilizopangwa upya. Mtu huyo alikuwa amejificha? Mnaoishi mahali ambapo sheria inaweza kuwafunga, au ambapo ndugu wanaweza kufanya kibaya kuliko sheria, andikeni kwa jina lolote litakalowaacha hai. Nanyi mlio salama, msimdai mwenzenu uso wake. Anayemfichua mwandishi mwenzake kwa kisingizio cha fahari simtaki karibu na meza yangu, na hilo sitalijadili.

Mwisho, acheni kusifiana ovyo. Kitabu kikitoka tunakipokea kwa vigelegele kwa sababu ni chetu, na mwandishi anabaki na mazungumzo makavu yasiyo na uhai, hadithi iliyolegea katikati, na hakuna aliyemwambia. Sisi tulikuwa wachache mno kukosoana; tulishukuru kila kilichochapishwa. Ninyi ni wengi. Msomaji wetu anastahili sentensi iliyopigwa msasa kama msomaji mwingine yeyote, na mwandishi wetu anastahili kuambiwa ukweli na mtu anayempenda, kabla hajauambiwa na asiyempenda.

Waliouliza kama bado nasoma miswada: nasoma. Leteni iliyokamilika, si sura tatu na ahadi. Nitaandika pembeni kwa penseli, na sitakuwa mpole. Mkiona nimeandika "nani kaagiza?" kando ya kifo, mnajua nauliza nini.

Mama yenu wa kalamu