Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ulinzi Shirikishi wa Mtaa Wetu, Ng'ambo, Tabora

Ndugu wanachama, mwangaluka.

Hesabu za michango, tochi na makoti ya mvua atazisoma mhazini. Mimi nina jambo moja.

Mnaukumbuka usiku ule wa masika kijana alipokamatwa chini ya miembe na pikipiki ya watu. Wapo waliokuja na tairi na petroli. Walinzi wetu walimzunguka, wakapuliza filimbi, wakampigia polisi kata, na hawakubanduka mpaka alipofika. Nawashukuru mbele yenu wote. Sheria inamruhusu raia kumkamata mhalifu, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpiga hakumo. Wazee wetu wa Sungusungu walijipanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku Unyamwezini na Usukumani, walipochoshwa na wizi wa ng'ombe. Walitulinda kweli, lakini wapo pia walioumizwa bila kosa, na sheria ikaja kuwatambua Sungusungu rasmi mwaka 1989.

Kinachoniuma ni yaliyofuata. Mwenye pikipiki alikwenda mahakamani, shauri likaahirishwa. Akarudi tena, likaahirishwa tena. Walioshuhudia tukio kwa macho yao wakasema wana shughuli zao. Ushahidi ukakosekana, kesi ikaondolewa, kijana akarudi mtaani, nasi vijiweni tukaanza kunong'ona kwamba polisi wamekula hela. Nilikuwepo, nikasikia, nikanyamaza. Nilikosea. Askari hawezi kumsemea mama lishe aliyeona tukio kwa dirisha lake. Ni lazima asimame mwenyewe kizimbani aseme.

Najua woga unatoka wapi. Mwenzetu mmoja alitoa taarifa kwa siri, na kabla ya jioni jina lake lilikuwa limeshamfikia mtuhumiwa. Nilikaa na polisi kata ana kwa ana juu ya hilo. Tumekubaliana taarifa za namna hiyo azipokee yeye mwenyewe, jina lisiandikwe kwenye daftari letu la doria. Nitalifuatilia kila mwezi.

Ugomvi wa majumbani na ukatili kwa watoto tusiusuluhishe barazani. Tuupeleke Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kamati inaomba sehemu ya michango itengwe kwa nauli na chakula cha mashahidi, na kila shahidi asindikizwe na wanachama wawili mpaka hukumu itoke. Naomba tupige kura kabla ya chai.