Mlango Haukufungwa

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale mawifi zako wanaposema mlango wa mumeo umefungwa kwa kuwa umezaa mabinti watupu, moyo unanichoma. Nikaukumbuka ukoo wa Percy wa Uingereza, ambao habari zake nimekuwa nikizisoma. Keti nikusimulie.

Asili yao ni Normandy, Ufaransa. William de Percy alivuka bahari Wanormani walipokwisha kuiteka Uingereza mwaka 1066, akapewa ardhi nyingi Yorkshire na Lincolnshire. Walimpa lakabu ya mwenye masharubu, maana Wanormani wenzake walikuwa wakinyoa. Jina Algernon limetokana na lakabu hiyo. Alifia katika Vita vya Msalaba.

Haikutimia miaka 100 tangu afe, wanaume wakaisha. Ukoo ukabaki mikononi mwa binti, Agnes. Aliolewa na Joscelin wa Louvain, ndugu yake Malkia Adeliza, mke wa Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza, mtu wa nasaba kubwa kuliko yake. Hata hivyo, jina lililoendelea kwa watoto wao ni Percy, la mama! Ni uzao wa tumbo la Agnes ulionunua ngome ya Alnwick mwaka 1309, ukapata cheo cha kikabaila cha Earl wa Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1377. Na Henry Percy, shujaa aliyepewa lakabu ya Hotspur, aliyeuawa vitani Shrewsbury mwaka 1403 akipigana na mfalme, ni wa uzao huohuo.

Mwaka 1670 wanaume wakaisha tena. Mrithi alikuwa Elizabeth, mtoto wa miaka 3. Kwa ajili ya mali yake waliomlea wakamwoza, na kabla hajatimiza miaka 16 alikuwa ameshaolewa mara tatu. Hapo niliweka kitabu chini, nikashindwa kuendelea usiku ule.

Mjukuu wake, Elizabeth pia, aliolewa mwaka 1740 na Hugh Smithson. Mwaka 1750, kwa sheria ya Bunge, mume huyo akaacha jina la baba yake akaitwa Percy, na mwaka 1766 akawa Duke wa Northumberland, cheo kilicho juu ya Earl. Wazao wao wanaishi Alnwick mpaka leo.

Nibusie wanangu wote. Na habari za Agnes wasimulie wewe mwenyewe, jioni, shangazi zao wakiwa wamekaa hapohapo.

Wako akupendaye,
Shoga yako