Nguo acheni, nunueni vyandarua

Kasulu, Novemba

Shoga yangu,

Barua yako imenifikia, na salamu za mama nimezipokea kwa mikono miwili. Hongereni kwa kikoba kuvunjwa salama mwaka huu bila ya mtu kununa. Umeniambia mmetenga shilingi 600,000 za sadaka kwa wakimbizi wa huku, na unauliza kama mkusanye nguo za watoto mzipakie kwenye basi. Swali lako nimekaa nalo siku tatu. Nguo acheni, shoga. Nunueni vyandarua.

Mbu wa Tanga unawajua, tumekua nao. Lakini Nyarugusu ni mambo mengine. Kambi hii ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na 2015 Warundi wakamiminika hadi watu wakapita 150,000 mahali pamoja. Nyumba nyingi ni za tofali za udongo, na udongo huchimbwa hapo hapo jirani. Mvua ikinyesha shimo linajaa, na haipiti wiki mbili viluwiluwi wameshaota mbawa. Halafu wako waliotoka vilima vya juu vya Burundi, kwenye baridi na mbu wachache. Miili yao haijaizoea malaria, kwa hiyo inawaangusha hata watu wazima.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya usiku. Kabla ya adhana ya alfajiri akaingia mama wa Kikongo na mtoto wa miaka miwili mgongoni. "Mutoto iko na moto," akasema, na kabla hajamfungua kitenge mtoto akashikwa na degedege mikononi mwangu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, tukamchoma sindano, tukamwongezea damu. Nilimshika mkono mpaka kukakucha, maana sikuweza kukaa mbali naye. Siku ya nne akaomba uji, na mama yake akalia kwa sauti wodini.

Nilimuuliza habari za chandarua. Alikuwa nacho. Kimoja, watu sita, alichopewa mtoto wake wa kwanza akiwa bado ananyonya. Matundu ameyaziba kwa nyuzi alizochomoa kwenye gunia la unga, mshono mzuri kabisa. Nakuandikia hili kwa sababu nimechoka kusikia mjini kwamba wakimbizi hawajui kutumia neti. Yule mama anajua. Ila chandarua chenye dawa kazi yake ni miaka mitatu hivi, baada ya hapo dawa imepungua na kitambaa kimechakaa, hata ukishone vipi.

Sasa mtoe wapi? Ipo kampeni iliyoanza 2006 kwa jina la Nothing But Nets, siku hizi inaitwa United to Beat Malaria. Iko chini ya Wakfu wa Umoja wa Mataifa na imeshirikiana na shirika la wakimbizi, UNHCR, kupeleka vyandarua makambini. Nyingine ni Against Malaria Foundation ya Uingereza, iliyoanzishwa na Rob Mather. Hawa hawalengi kambi peke yake, lakini wanagawa Kongo, nchi ambako jamaa za wagonjwa wangu wamebaki. Fedha za wachangiaji wa kawaida zote zinakwenda kwenye vyandarua, kimoja kama dola 2, na baada ya kugawa wanarudi kwenye baadhi ya nyumba kuangalia kama vimetundikwa. Kwangu mimi hilo la kurudi ndilo kubwa. Niliwahi kuona shirika moja likishusha marobota, likapiga picha, likaondoka. Zilikuwa neti za pembe nne na watu walikuwa kwenye mahema ya turubai, hakuna pa kufunga hata ncha moja. Neti ya duara yenye kamba moja ingewafaa, au basi wangeleta kamba na vijiti.

Kwa hiyo yeyote mtakayempa, muulizeni nani anatundika na nani anarudi kuangalia. Msione haya kuuliza, ni jasho lenu. Kwa bei hiyo fedha zenu ni vyandarua zaidi ya 100, na chini ya kila kimoja wanalala watu wawili.

Na nakuomba jambo moja zaidi, nalo nalisema kwa moyo wote: msitoe mara moja mkasahau. Afadhali 200,000 kila mwaka kwa miaka mitatu, maana vya mwaka huu vitachakaa na watoto wengine watazaliwa.

Soma barua hii kwenye kikao cha Jumamosi, kisha unipigie usiku, nitakuwa zamu. Yule mtoto ameruhusiwa jana. Nimempa mama yake chandarua cha kitandani kwangu, mimi nitanunua kingine mjini mwisho wa mwezi.

Nisalimie wote nyumbani.

Shoga yako