Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Dodoma: Jaribio la Sifonofora Hai

Ndugu wanachama,

Taarifa yangu ya mwaka huu ina jambo moja kubwa, nalo ni jaribio letu la kumleta Dodoma sifonofora hai, kiumbe laini wa baharini. Hesabu atazisoma Mweka Hazina. Kuhusu ada nina neno moja tu: waliolipa mapema ndio waliowezesha safari ya pwani, na Kamati Tendaji inawashukuru.

Kwa wanachama wapya, ambao wengi ni walimu wa biolojia, nieleze kwanza kwa nini tumemng'ang'ania kiumbe huyu. Sifonofora ni jamaa wa konyeza na matumbawe. Ukimtazama utadhani ni mnyama mmoja, kumbe mwili wake ni koloni la vijinyama vilivyotokana na yai moja, vikachipuka kwenye shina moja na kugawana kazi: vipo vya kuogelea, vyenye umbo la kengele, vipo vya kula na vipo vya kuzaa. Spishi zinazojulikana ni takriban 175. Mwaka 2020, nje ya pwani ya magharibi ya Australia, watafiti walimrekodi kwa roboti ya kina kirefu sifonofora wa jenasi ya Apolemia aliyejizungusha kama kamba, na mzunguko wake wa nje peke yake ulikadiriwa kuwa na urefu wa mita 47. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu wanyama mmoja mmoja hana budi kujiuliza upya mmoja ni nani, na swali hilo nalithamini kuliko michoro yote tunayoibandika ukutani.

Wetu alikuwa mdogo, hazidi kiganja. Mzamiaji alimkinga ndani ya maji kwa chupa ya mdomo mpana, kwa kuwa wavu humkatakata, kisha chupa ikasafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam. Tuliifungua kwenye meza ya maabara usiku ule ule. Shina lilikuwa limekatika, viputo vya hewa vimenasa katikati ya vipande, na kengele zilizobanduka zilikuwa bado zinapiga, kila moja peke yake, chini ya chupa. Binti mmoja wa kidato cha pili aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akauliza: "Mwalimu, mbona zinaogelea na mwenyewe hayupo?" Kufika alfajiri zote zilikuwa zimetulia.

Kosa lilikuwa letu. Chupa haikujazwa hadi ukingoni. Iliachwa nafasi ya hewa ya vidole viwili, na katika mtikisiko wa safari hewa hiyo ndiyo iliyompiga. Kifuniko nilikifunga mimi, kwa hiyo lawama ni yangu, si ya vijana waliobeba boksi.

Hata angefika mzima, hatukuwa na pa kumweka. Tangi letu lina pembe nne, na sifonofora akigusa kioo huchanika. Viumbe laini wanaoelea huhitaji tangi la duara ambalo maji yake huzunguka polepole na kuwaweka mbali na kuta, kama lile alilolieleza Mjerumani Wolf Greve mwaka 1968, ambalo sasa hutumika katika majumba mengi ya kuonyeshea konyeza. Lipo pia suala la chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na upepo mkavu wa Dodoma hunywa maji ukaiacha chumvi, hivyo mwangalizi asipoongeza maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, kila siku, tangi hukolea upesi. Maji ya kisima hayafai kwa kazi hiyo, kwa kuwa yana chumvichumvi zake.

Tuna cha kujivunia hata hivyo. Konyeza wa kulala chali, wa jenasi ya Kasiopea, wangali hai katika tangi lile lile. Hao ni wa maji ya kina kifupi penye mikoko, wamezoea joto, na mwani unaoishi mwilini mwao huwatengenezea chakula kwa mwanga, jambo ambalo hapa kwetu halina uhaba. Shule zinazotaka kuwaona ziwasiliane na Katibu.

Kamati Tendaji inapendekeza tusisafirishe tena sifonofora hai mpaka tangi la duara liwe limejengwa na kujaribiwa kwa konyeza wetu wenyewe. Wakati huo huo, nauli iliyokusudiwa kwa viumbe iwapeleke walimu baharini, wakamwone sifonofora mzima katika maji yake. Watakaokwenda wakumbuke kwamba Fisalia, sifonofora yule mwenye kibofu cha buluu anayetupwa ufukweni na upepo, huwasha vikali hata baada ya kufa. Asishikwe kwa mkono mtupu.

Naomba Mkutano Mkuu uyapigie kura mapendekezo haya mawili, kila moja peke yake.

Mwenyekiti