Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar: mbegu ya chaza isiingie baharini kabla ya kupasuliwa

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Mama yangu alikuwa akichokoa chaza na kome kila bamvua, nami nilimbebea ndoo. Leo kina mama wanahimizwa kufuga chaza, na nafurahi. Nina ombi moja kuhusu mbegu, yaani chaza wachanga wanaopandwa baharini wakue.

Katika utumbo wa kome wa Bahari ya Kaskazini, huko Ulaya, anaishi mdudu mwekundu, mwembamba kama uzi, asiyefika sentimita moja. Wataalamu humwita Mytilicola intestinalis. Umbo lake ni la mnyoo, lakini jamaa zake ni kamba na kaa. Kwao ni Mediterania. Katika miaka ya 1930 akaonekana pwani ya Ujerumani, na inaaminika alisafiri ndani ya kome walioganda kwenye meli. Mwaka 1949 na 1950 kome wa kufugwa wa Uholanzi walikufa kwa wingi, naye akabebeshwa lawama. Wataalamu bado wanabishana kama yeye peke yake ndiye aliyewaua, lakini hakuna aliyeweza kumrudisha alikotoka. Baadaye chaza wa Pasifiki waliletwa kufugwa huko, na ndani yao akaja ndugu yake, Mytilicola orientalis. Sasa naye yumo ndani ya kome wa Bahari ya Wadden, kwenye tambarare za matope na vinamasi vya chumvi kati ya Uholanzi, Ujerumani na Denmark.

Kome wa huko wana mgeni mwingine wa ndani, na huyu sisi Wazanzibari tungemwelewa haraka, kwa kuwa ni binamu wa kichocho. Ni mnyoo bapa aitwaye Himasthla elongata. Huanza maisha ndani ya konokono wa pwani, viluwiluwi vyake hutoka na kuogelea, kisha hupenya mguu wa kome na kujifungia humo vikisubiri ndege amle kome. Kome mwenye vingi mguuni hushindwa kusuka vizuri nyuzi za kujishikiza, na mawimbi humchukua. Maji yakipata joto, konokono hutoa viluwiluwi vingi zaidi. Huyu ni mwenyeji wa pale, wala sisemi afutwe, maana bila ndege hawezi kumaliza safari yake, kwa hiyo kuwepo kwake ni habari njema ya ndege. Ninachohofia ni mgeni aingizwaye kwa mikono yetu.

Sipingi mbegu ya nje. Mwani uliowapa mama zetu kipato tangu 1989 ulianza na mbegu ya Ufilipino. Lakini chaza ana tumbo, na tumboni hatuoni.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, mbegu yoyote ya chaza au kome itokayo nje iwekwe kwanza kwenye matangi ambayo maji yake hayarudi baharini, na kila shehena wapasuliwe kadhaa na kutazamwa kwa hadubini. Na kabla hata ya mbegu kufika, tupasue kome wetu wenyewe, kutoka Fumba, Chwaka na Pemba, kila bamvua, tuandike tulichokuta. Tusipojua leo kilichomo, mgeni akija tutamjuaje?

Mafundi tunao. Watu waliozoea kuhesabu konokono na viluwiluwi vya kichocho wapo, na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri ipo Wawi, Pemba, tangu 2000. Kome hawatawashinda. Wachokoaji nao walipwe kwa kila ndoo wanayoleta, na waelezwe kilichoonekana ndani yake, maana wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuona chaza wakianza kufa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtoto wa mchokoaji, Unguja