Waje bandani kabla ya kujaza fomu

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vijana wa Pemba hawaombi kusomea udaktari wa mifugo chuo kikuu kwa sababu ni wavivu na wanataka kazi za kiyoyozi. Sina ugomvi naye. Lakini mimi nimekuwa bwana mifugo huku Kaskazini Pemba miaka thelathini na mitatu mpaka nilipostaafu, na kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kibaraza changu hakikosi kijana aliyekuja na karatasi mkononi kuniuliza "hii kozi ni ya nini, babu?" Uvivu sijauona. Ninachokiona ni fomu inayojazwa na mtu asiyemjua mwanafunzi, kwa niaba ya mwanafunzi asiyemjua ng'ombe.

Mwaka juzi alikuja binti wa jirani yangu. Kasoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kafaulu vizuri. Akanambia "chechei", salamu yetu ya Pemba, kwa sauti ndogo, akakaa kwenye ukingo wa kibaraza, machozi yakaanza. Nikadhani kuna msiba. Kumbe amechaguliwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, Shahada ya Udaktari wa Mifugo, miaka mitano. Mimi nikasema alhamdulillahi. Yeye akalia zaidi.

Hakuomba. Yaani aliomba, lakini kwa kidole cha mtu mwingine. Alikwenda mjini kwenye duka moja la fotokopi, kijana wa kompyuta akamwuliza alama zake, akatazama kompyuta yake kidogo, akasema: "Udaktari wa watu utakushinda, watu wengi. Ngoja nikuwekee na huu wa mifugo hapa, tujaze nafasi." Akabonyeza. Akalipwa pesa zake, na mtoto akarudi nyumbani hajui kama keshaandikiwa miaka mitano ya maisha yake.

Nikamwuliza: "Mjukuu wangu, umewahi kumshika ng'ombe?" Hajawahi. Babake ana ng'ombe wa gari wawili, nyumba yao na banda haziachani hatua ishirini, lakini ng'ombe ni kazi ya kaka zake. Yeye kazi yake kusoma na kuchota maji. Nikamwambia asikatae wala asikubali. Alfajiri ya kesho aje na viatu vya mpira.

Alikuja na kandambili. Nilimwazima mabuti ya marehemu mke wangu.

Siku ya kwanza tulikwenda Msuka kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe chotara wa maziwa, mtamba mwenye mimba. Hali majani tangu juzi, pua kavu, anahema juu juu. Nikampa binti kipimajoto nikamwonesha pa kukiweka. Aligeuza uso, lakini akaweka. Ng'ombe mzima huwa kwenye nyuzi 38 na nusu hivi. Huyu alikuwa 40 na pointi nane. Nikamwambia papasa chini ya sikio. Akapapasa, akakuta tezi limevimba kama limau. Nikafunua sikio, ndani kupe wamejipanga kama punje za mtama. Hiyo ndiyo ndigana kali. Kupe wa masikio ndiye anayeileta, na ng'ombe wa kigeni na chotara ndio inaowamaliza. Hawa wetu wa kienyeji wengi wao hupata wakapona. Dawa ipo, ila inataka uwahi. Mzee alikuwa keshapoteza siku mbili akimnywesha maji ya mwarobaini. Mtamba yule tulimtibu, akapona, mimba ikaharibika. Binti aliniuliza njiani: kama angeitwa mtu siku ya kwanza, ndama angekuwepo? Nikamjibu pengine. Hakusema kitu tena mpaka Konde.

Nyingi ya siku zile hazikuwa na la kusimulia. Tuliandika daftari, tulingoja mwenye mbuzi arudi baharini, tulichanja kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri, tone moja jichoni. Makusudi sikumficha. Mtu akidhani udaktari wa mifugo ni kuokoa roho kila saa atakuja kuona karaha.

Usiku wa sita ndio ulioamua. Jirani wa upande wa pili alikuja na taa: mbuzi wake anashindwa kuzaa. Mimi mkono wangu ni mkubwa, kwa ng'ombe unafaa, kwa mbuzi mdogo ni adhabu. Binti mkono wake mwembamba. Akanawa kwa sabuni mpaka kiwiko, nikampaka mafuta ya nazi, akaingiza. Mimi nikawa macho yake bila kuona: "Unagusa nini? Mguu? Wa mbele au wa nyuma? Fuata mpaka kwenye kifundo." Akanambia miguu miwili iko mbele lakini kichwa hakipo. Kichwa kilikuwa kimegeuka nyuma. Nikamwambia rudisha mtoto ndani kwanza, usivute, halafu tafuta taya. Ilichukua muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Alipotoka yule mwana mbuzi, binti alimpuliza puani na kumsugua kwa gunia mpaka akalia. Walilia wote wawili.

Asubuhi yake akaja na maswali yake ya kweli, yale ambayo kwenye duka la fotokopi hayaulizwi.

La kwanza: mbwa. Huko Morogoro atashika mbwa na pengine nguruwe, na sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Tukaenda kwa sheikh wetu wa msikitini, mtu asiye na haraka. Akasema kugusana na unyevu wake ni najisi nzito, na dawa yake inajulikana tangu zamani: kuosha mara saba, moja yake kwa maji ya udongo. Halafu yeye mwenyewe akamkumbusha jambo ambalo mimi nilikuwa nimepanga kulisema. Hapa Pemba tulikuwa na kichaa cha mbwa. Watu wameumwa, watu wamekufa nacho, na ugonjwa huu dalili zikishatoka kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Kilichokiondoa ni kuchanja mbwa, kijiji kwa kijiji. Ukifikia kama asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Ulikatika mwaka 2014, ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa 2016, ukapigwa tena kwa chanjo hizo hizo. "Sasa," sheikh akamwuliza, "mbwa wale walichanjwa na nani, na walishikwa na nani?" Mimi nilikuwa mmoja wa walioshika. Ndoo ya udongo ilikuwa kwenye gari.

La pili: mbona daktari wa ng'ombe anatakiwa ajue Kemia na Fizikia? Swali zuri. Nikamsimulia mbung'o. Katikati ya miaka ya tisini nilipelekwa Unguja kwa muda, nikawa natembea msitu wa Jozani kukagua mitego, vibao vya buluu vilivyopakwa gundi. Mbung'o alikuwa akiwaua ng'ombe wa Unguja kwa ugonjwa wa nagana anaoueneza akiwauma. Huku kwetu hatukuwa naye. Wataalamu wakalea mbung'o kule Tanga kwa maelfu, madume wakapigwa mionzi ili wasizalishe, wakaletwa kwenye maboksi na kumwagwa kwa ndege ndogo juu ya kisiwa, wiki baada ya wiki, kuanzia 1994. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume tasa, habari yake imekwisha. Septemba 1996 akanaswa wa mwisho wa porini. Tangu hapo hajaonekana. Nikamwambia binti: mbung'o hakumalizwa kwa kumchoma ng'ombe sindano, na ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizopata kuiona ya mifugo. Hesabu, mionzi na nzi.

Basi akataka. Sasa hapa ndipo ninapopandwa na hasira, Mhariri, univumilie.

Alikuwa amechaguliwa vyuo viwili, na aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Namba ikatumwa. Kwa nani? Kwa yule kijana wa kompyuta, kwa sababu wakati wa kujaza aliweka namba yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe, kama anavyofanya kwa kila mteja, ili asisumbuke kungoja mtu atafute simu. Tulipomfuata tukaambiwa kavuka kwenda Unguja, laini ile haipatikani. Tulipiga, tukaandika. Muda wa kuthibitisha ukapita. Nafasi ikaenda kwa mtu mwingine, nami simlaumu aliyeipata.

Mwaka mzima akakaa. Alikuwa nami siku tatu kwa wiki, na msimu wa karafuu akachuma kama wengine akapata nauli ya boti. Mwaka uliofuata alijaza mwenyewe, kibarazani kwangu, kwa simu ya babake. Tuliusoma Mwongozo wa Udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, pamoja, maana hata mimi nilikuwa sijui. Kumbe kiwango cha jumla kwa mwenye kidato cha sita ni pointi nne kwenye masomo mawili, na kila kozi inaongeza masharti yake juu ya hapo. Kumbe mwenye stashahada naye ana mlango wake, wastani wake wa alama (GPA) usipungue 3.0, maana yake mtoto aliyepita chuo cha kilimo cha Kizimbani hajafungiwa. Kuna vijana wangapi wenye stashahada za mifugo wanaozeeka nazo bila kujua hilo? Akaweka udaktari wa mifugo nafasi ya kwanza. Akapata, akathibitisha siku ile ile.

Mamake mdogo alisema maneno yake: msichana atoke Pemba, avuke bahari, apande gari mpaka Morogoro, miaka mitano, arudi kuzalisha ng'ombe? Mara nyingine husemwa hivyo kwenye shughuli, sahani ya pilau mkononi. Siku moja ng'ombe wa bibi huyo huyo alizuia kondo la nyuma, na binti alikuwa yuko likizo. Sitaendelea.

Mwingine niliyemchukua, mvulana, alizimia alipoona jipu la kiwele likipasuliwa. Tulimlaza mgombani. Alichagua uhasibu, na naona alifanya vizuri. Afadhali kuzimia Konde kuliko Morogoro mwaka wa pili, mkopo wa Serikali keshautumia.

Ombi langu kwa walimu wakuu wa skuli zenye sayansi, Unguja na Pemba, na kwa maofisa wa mifugo wa wilaya: mitihani ya kidato cha sita huisha Mei, matokeo ni Julai. Katikati hapo, wale wasioitwa JKT wanakaa bure. Wapelekeni wiki mbili kwa bwana mifugo au bibi mifugo wa shehia yao. Haihitaji bajeti. Inahitaji barua moja ya skuli, na mwenyeji asiyeona haya kuulizwa maswali. Maabara ya mifugo ya Maruhubi, Unguja, kwa watoto wa mjini ni hatua chache. Wakaone damu ikisomwa kwenye hadubini. Nalo somo la ushauri wa kazi, kama lipo kwenye ratiba, lisiwe la kutaja daktari, mhandisi na mwanasheria halafu kengele.

Kwa wazazi nina neno moja la kiufundi tu: namba ya simu kwenye fomu iwe ya mtoto au yenu. Mkilipia kuandikiwa, kaeni hapo hapo mtazame kile kisanduku kinajazwa nini.

Msomaji mwenzangu aliyeandika juu ya uvivu namkaribisha pia. Nyumba yangu si ngumu kuipata: ukishuka Konde, uliza bwana mifugo wa zamani, hata mtoto atakuonesha. Sitaki zawadi. Mje na mabuti ya mpira, maana yale niliyokuwa nikiazima yamekwenda Morogoro.

Wako,

Bwana Mifugo Mstaafu,
Konde, Pemba.