Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nawasalimu. Shughuli za kawaida mnazijua, na hata ambao hamkufika mlizisoma kwenye WhatsApp, kwa hiyo sitawachosha. Chama chetu cha wapenda kakati, ile mimea minene ya miiba, kilikutana mara tano. Februari tulitembelea bustani ya mimea pale Makumbusho ya Taifa. Tuliuza vichipukizi mara mbili, tukaezeka nusu ya banda letu la Lang'ata kwa mabati ya kupitisha mwanga, tukabadilisha udongo wa vyungu 60. Mafuriko ya Aprili na Mei hayakugusa mimea, ila maji yalipita chini ya meza yakaondoka na kokoto yote. Niliirudisha kwa fedha zangu mwenyewe, Sh6,400, na sijadai hata senti. Nalitaja tu ili liingie kwenye kumbukumbu.

Sasa nije kwenye jambo lililofanya nisemwe mwaka mzima, yaani kufuli.

Jumamosi tarehe 1 Juni nilitia kufuli kwenye mfereji (bomba la maji) wa bandani, na sikulitoa hadi Jumamosi tarehe 31 Agosti. Ni wiki 13. Wapo waliosema nimeteka banda, wapo waliosema nimeua mimea kwa kiu, na mmoja aliuliza kwenye kikundi kama mwenyekiti amenunua chama. Nilikaa kimya wakati huo kwa heshima. Leo nina nafasi ya kujibu.

Mwaka 2023 kila mtu alimwagilia alivyotaka. Mnakumbuka Julai ya Nairobi ilivyo: wingu limekaa juu ya mji tangu asubuhi, manyunyu yasiyolowesha wala yasiyokauka, na usiku kipimajoto cha bandani kinashuka hadi nyuzi 11. Kakati nyingi tulizo nazo asili yake ni nyanda za Meksiko na miteremko ya Andes, kwenye majira ya baridi yaliyo makavu kabisa. Msimu huo zinapumzika. Mizizi haivuti maji, na udongo uliotiwa maji Jumatatu bado uko chepechepe Jumatatu inayofuata. Kuvu hazilali. Tulipoteza vyungu 38 msimu ule. Ukiutazama mmea juu unaona uko salama, wa kijani, miiba imesimama. Ukiushika kiunoni kidole kinazama kama kwenye kiazi kitamu kilichosahaulika kwenye sufuria, kisha unasikia ile harufu. Mimi ndiye niliyebeba vyungu hivyo 38 kwenda kutupa. Sikumwona mwanachama mwingine siku hiyo.

Hoja kubwa ya wapinzani wa kufuli ilikuwa vitabu. Vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa Uingereza, navyo vinasema mimea inyimwe maji kuanzia Oktoba hadi Machi. Sasa ndugu zangu, Oktoba kwetu mvua za vuli zinaanza, na Januari jua linawaka hadi lami inanata kwenye viatu. Juni kwao ni kiangazi, kwetu ni makoti. Mwanachama mmoja wa Kileleshwa alikifuata kitabu neno kwa neno mwaka juzi, akazikausha mimea wakati wa jua na kuzinywesha wakati wa baridi, na nusu ya mkusanyiko wake ukaenda. Tena sisi tuko karibu sana na ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwetu haifiki dakika 15 mwaka mzima. Ni vigumu mmea wa Nairobi kujua majira kwa urefu wa mchana. Kitu kinachoweza kuuambia kwamba ni wakati wa kupumzika ni ubaridi na ukavu. Ubaridi Mungu anatupa bure. Ukavu ni lazima mtu ashike ufunguo.

Kuhusu utaratibu. Ni kweli mkutano wa Jumamosi tarehe 25 Mei ulihudhuriwa na watu 11, na akidi yetu ni 21. Lakini katiba inampa mwenyekiti uwezo wa kuchukua hatua ya dharura kulinda mali ya chama, na vyungu 142 ni mali. Niliisoma hoja hiyo kwa sauti mbele ya wale 11, na hakuna aliyepinga. Mtu ambaye hakuja hawezi kusema hakuulizwa.

Baada ya wiki sita mimea ilianza kunywea. Mbavu zilibanana kama kinanda kilichofungwa, na picha zikaanza kutumwa usiku wa manane zikiwa na nyuso za kulia. Nilieleza, na narudia, kwamba kunywea si kufa. Maji yakipungua mwilini utomvu unakuwa mzito, na baridi haiudhuru mmea kirahisi. Lakini kuna asiyesadiki. Hata kabla ya hapo, mwanzoni mwa Julai, nilikuta vyungu vitano kwenye meza ya nyuma vimelowa, ilhali kufuli liko palepale. Askari wetu, kijana mwaminifu, aliniambia bila kuficha kwamba kuna mwanachama anayemtumia shilingi mia kwa M-Pesa kila Jumapili ili amwagie maji ya mtungi wake mwenyewe wa kunywa. Jina sitalitaja hapa. Vyungu vyote vitano vilioza kabla ya Agosti, na mwenye kuvipenda anajua alivyovipenda.

Jumla tulipoteza mimea 13 mwaka huu, dhidi ya 38. Vitano ni hivyo vya mtungi. Vitano vingine ni vile vyenye vichwa vyekundu vilivyopandikizwa, ambavyo watoto huvipenda. Kile kichwa chekundu hakina kijani cha kujitengenezea chakula, kinaishi kwa shina la chini, na shina lenyewe ni Hylocereus, jamii ya tunda la dragoni tunaloliona sokoni. Halipendi baridi wala ukavu. Viwili ni Melocactus, mimea ya joto la Karibea na Brazili. Katibu alinishauri mapema nihamishie hivyo saba dirishani kwangu, mahali penye joto na maji kidogo. Nilisema nitafanya, kisha maandamano ya Juni yakatokea, mnayajua, na sikufanya. Hapo nakubali lawama, ingawa katibu pia ana dirisha.

Wa 13 ni Schlumbergera ya mama yetu wa Buruburu, aliyoirithi kwa marehemu mama yake. Mmea huo kwao unaishi juu ya miti katika misitu yenye unyevu, si jangwani, na haukustahili kukauka wiki 13. Nilimpelekea vipande viwili kutoka kwangu mwezi Septemba na kimoja kimeshika mizizi. Kwake yeye naomba radhi, na kwake yeye tu.

Sasa tazameni upande wa pili wa mizani, ambao wenye kelele hawautaji. Mwaka 2023 mimea iliyochanua baada ya baridi ilikuwa 6. Mwaka huu ni 29. Machipukizi ya maua yalianza kuonekana wiki ya mwisho ya Agosti, kabla sijatoa kufuli, na nilimwagilia kidogo tu mara ya kwanza ili mizizi isishtuke.

Hilo si jambo la urembo tu. Mnajua hali ya majina bandani. Lebo zilizoandikwa kwa kalamu ya wino zilififia kwa jua hadi zikabaki nyeupe kama meno, na nusu ya mkusanyiko haukuwa na jina wala historia. Kakati isiyo na ua ni kama mtu aliyegeuza mgongo: unaweza kukisia ukoo wake, lakini usiape. Mammillaria unaitambua kwa zile chuchu zilizojipanga kwa mzunguko bila kuungana kuwa mbavu, na maua yake hutoka katikati ya chuchu yakizunguka kichwa kama taji. Rebutia huchanua chini, karibu na udongo. Ila kuna mimea ya duara yenye mbavu ambayo mtu mzima na akili zake anaweza kubishana nayo miaka mitatu.

Nachukua chungu namba 47. Miaka mitatu nimekuwa nikisema ni Echinopsis. Makamu mwenyekiti amekuwa akisema ni Gymnocalycium, na amekuwa akisema kwa sauti. Tarehe 14 Septemba kichipukizi cha ua kilikuwa na urefu wa kidole gumba. Nilikwenda na kioo cha kukuzia. Echinopsis ua lake lina koo refu lenye manyoya, na aghalabu hufunguka usiku. Hiki kilikuwa laini kabisa, magamba mapana yamelaliana kama samaki, hakuna unyoya hata mmoja, wala mwiba. Jina Gymnocalycium lenyewe kwa Kigiriki linasema jambo hilo: kikombe cha ua kilicho uchi. Basi ni Gymnocalycium. Makamu alifurahi kupita kiasi. Nakumbusha tu kwamba bila kufuli langu ua hilo lisingetoka, na yeye angekuwa bado anabahatisha.

Mimea 17 sasa ina jina la hakika. Iliyobaki nimeagiza iandikwe jenasi (jina la kundi) peke yake na namba, kwa sababu jina la uongo ni baya kuliko kukosa jina. Lebo mpya ni vipande vya makopo ya soda vilivyochorwa kwa msumari. Havipendezi, lakini havififii.

Kuhusu ule mmea mkubwa ulioletwa kutoka Machakos kama "kakati ya kienyeji": si kakati, ni Euphorbia, jamii nyingine kabisa. Msiukate ili kuhakikisha. Aliyeukata alipatwa na utomvu mweupe machoni na tukashinda naye hospitalini mchana kutwa. Tazameni miiba tu. Kakati miiba yake hutoka kwenye kijitakia kidogo cha manyoya kiitwacho areoli, na Euphorbia haina kijitakia hicho. Na wale wanaotaka kuleta dungusi (Opuntia, ile kakati ya mashina bapa) kutoka Laikipia, hapana. Mmewasikia wafugaji wa kule wanavyoulilia mmea huo malishoni. Haupiti mlango wa banda hili nikiwa mwenyekiti.

Fedha. Tulianza na Sh11,340. Ada zilileta 40,500 na mauzo ya vichipukizi 14,200. Matumizi yalikuwa 58,600: mabati 22,600, kodi ya kiwanja 24,000 na askari 12,000. Salio ni Sh7,440. Mweka hazina ana risiti zote kwenye bahasha ya kaki, karibuni mzione.

Wanachama kwenye daftari ni 63. Waliolipa ada ya 1,500 ni 27. Thelathini na sita hawakulipa, na deni lao ni Sh54,000, yaani zaidi ya kodi ya kiwanja ya miaka miwili. Katika hao 36 nimehesabu 9 walioandika kwa uchungu mwingi kuhusu kufuli. Mfereji huo unalipiwa na nani?

Mahudhurio yalikuwa hivi: Februari watu 24, Mei 11, Julai 9, Septemba 31, Novemba 14. Mei nawaelewa, barabara zilikuwa mito. Julai pia wengi walihofia maandamano na matatu kugeuzwa njiani, sina neno. Lakini Novemba? Jua lilikuwa zuri, tulikuwa na somo la kupandikiza, na chai ilibaki ikamwagwa. Septemba mlijaa hadi viti vikaazimwa kwa jirani, na sidhani ilikuwa kwa ajili ya ua la namba 47. Mlikuja kuniondoa, mkala pilau, mkaahirisha hoja.

Kwa mwaka ujao tunatumaini kuezeka nusu ya banda iliyobaki, fedha zikipatikana. Limezungumzwa suala la maonyesho madogo ya umma mwezi Oktoba, wakati mimea inachanua, na kamati italiangalia. Safari ya kwenda kuona Euphorbia porini nayo bado ipo kwenye mawazo. Mimea ya joto itatengewa rafu yake ndani ya nyumba kabla ya Juni. Katibu amekubali kutoa dirisha.

Kufuli litarudi tarehe 1 Juni. Kwa maombi ya mkutano wa Septemba nimechonga ufunguo wa pili, Sh150, nao uko kwa makamu. Askari ameongezewa mtungi wa maji, na ameelezwa ni wa kunywa.

Wenu,
Mwenyekiti